Taa Zilizong'atwa

Mama yake kinyozi alikuwa hajabanduka kwenye benchi la kituo tangu Jumapili. Chupa ya chai ilikaa katikati ya miguu yake, na kila askari aliyepita alimsalimia bila kumtazama usoni. Leo ilikuwa Jumanne. Mchana jalada la mwanawe lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na likishafika huko lingeitwa mauaji, na kijana angetolewa mahabusu kupelekwa gereza kuu kungoja kesi ambayo ingeweza kula miaka. Mama alilijua hilo. Mkuu wa Kituo alikuwa amemwambia mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa.

"Shikamoo mama," Inspekta alisema.

"Marahaba mwanangu. Mwanangu amekunywa chai?"

"Nitauliza."

"Usiulize. Mpelekee hii."

Inspekta aliipokea chupa, akampa Sajini, akaingia ofisini kwake na kuufunga mlango kwa kisigino.

Jalada lilikuwa mezani. Mkuu alikuwa ameliandika kwa raha zake, ungedhani anaandika kadi ya mwaliko. Marehemu alikuwa mpiga picha mzee mwenye studio mtaa wa nyuma, aliyejulikana mji mzima kwa jina la Mzee Tulia, kwa sababu neno hilo ndilo alilomwambia kila mteja kabla ya kufyatua kamera. Jumamosi, kiza kikiingia, alikutwa chini studioni, kichwa kimepasuliwa kwa stendi ya taa. Aliyekutwa amemwinamia ni kinyozi, jirani wa ukuta mmoja, aproni imejaa damu. Asubuhi ya siku hiyohiyo wawili hao walikuwa wamefokeana kwa sababu kibao cha studio kilikuwa kinaficha kibao cha kinyozi. Na juu ya yote, kinyozi alikuwa na mikwaruzo ya kucha kwenye kifundo cha mkono.

"Marehemu alipigania roho yake, akamkwaruza muuaji," Inspekta alisoma kwa sauti. "Mkuu angetunga riwaya. Kinyozi mwenyewe anasemaje?"

Sajini alikuwa amesharudi. "Anasema alisikia kishindo, akadhani mzee anahamisha vitu. Baadaye akaingiwa na wasiwasi, akaenda. Akamkuta bado anapumua. Mzee akamshika mkono kwa nguvu, akafa vile vile amemshika."

"Na mnamwona mwongo."

"Mimi sijasema kitu, afande."

"Mtu amezungukwa na nyembe na mikasi kutwa nzima. Akitaka kuua anaviacha vyote, anakwenda kwa jirani kutafuta stendi ya taa."

"Mkuu anasema ni hasira."

Inspekta alizitandaza picha za eneo la tukio. Zilipigwa na konstebo wa kituo, na katika mojawapo kidole cha konstebo kilionekana vizuri kuliko marehemu. Kwenye ile ya nne kulikuwa na kamera ya mzee, juu ya miguu yake mitatu, imeelekezwa kwenye pazia. Mbele ya pazia ulining'inia uzi wa balbu ndogondogo ambao watu wote wa mji ule walikuwa wamewahi kukaa mbele yake angalau mara moja.

"Hii kamera ina nini?"

"Mbovu," Sajini alisema. "Imeandikwa hapa: kamera moja, ya zamani, mbovu."

"Nani kasema mbovu?"

"Aliyeandika."

"Ina tundu mbele, Sajini. Tundu ambalo unaweza kuingiza ngumi. Lenzi iko wapi?"

Sajini aliinama, akaitazama picha kwa muda mrefu. "Labda mzee alikuwa ameiuza."

"Wale maharusi waliokuja Jumapili kudai picha yao, mkawafukuza kama kuku, walipigwa picha lini?"

"Jumamosi. Walisema alasiri."

"Kwa kamera ipi?"

Inspekta akafungua droo, akatoa bahasha iliyotoka maabara ya picha. Ilikuwa filamu iliyokutwa ndani ya ile kamera mbovu. Picha ya mwisho ilikuwa ya bwana harusi aliyetoa macho na bibi harusi aliyebana kicheko, na nyuma yao balbu zilizofifishwa zikawa miduara ya mwanga. Alasiri ya Jumamosi kamera ilikuwa na lenzi yake, na kiza kilipoingia haikuwa nayo. Kinyozi alikamatwa palepale, na mfukoni alikutwa na kitana na peremende.

"Sasa niambie," Inspekta alisema, "ni mtu gani katika mji huu anaweza kumwandama mzee wa watu mpaka roho imtoke, kwa ajili ya kioo?"

Sajini alikuna shavu. Lilikuwa jambo la kumtia aibu, maana alimjua vizuri. "Mpwa wake, afande. Yule wa mtandaoni. Jicho la Tai."

"Unamfuatilia?"

"Kidogo tu. Ndiye aliyenifanya ninunue simu hii. Kila video anamalizia vilevile: usitoke dukani kabla hujaijaribu."

"Na uliijaribu?"

"Nilisahau. Spika haifanyi kazi."

Jicho la Tai alikuwa ameshaondolewa kwenye orodha ya watu wa kuhojiwa. Alikuwa ziwani tangu Ijumaa, mwendo wa saa mbili kwa gari, na mlinzi wa hoteli alithibitisha. Inspekta aliyasoma tena maelezo ya mlinzi, safari hii polepole. Mlinzi aliona kamera gatini mchana kutwa. Mtu mwenyewe alimwona asubuhi, kisha usiku.

"Tafuta kibali cha upekuzi, kisha lete gari," alisema.

*

Mlango ulifunguliwa na mtu wa makamo mwenye kitambi kidogo, aliyevaa fulana yenye mifuko ambayo watu huvaa wakienda kutazama simba. Alikuwa sebuleni kwake. Kifuani alikuwa amejifunga mkanda wenye kamera ndogo, na kitaa chekundu kilikuwa kinawaka.

"Karibuni, karibuni. Mnaonaje tukirekodi? Wafuatiliaji wangu wanapenda sana kuona mambo ya nyuma ya pazia."

"Zima," Inspekta alisema.

"Ni sekunde chache tu, dada yangu."

"Mimi si dada yako. Zima."

Alizima, akiwa na sura ya mtu aliyenyang'anywa tonge. Inspekta akampa pole ya msiba wa mjomba wake.

"Asante. Imeniuma sana. Nimeandaa video ya kumuaga, nimerusha droni juu ya makaburi, mwanga ulikuwa mzuri ajabu siku ile. Mnaweza kuiona."

"Baadaye."

Chumba chake cha kazi kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Kulikuwa na stendi za kila urefu, taa za duara, maikrofoni zenye manyoya, mabegi ya mgongoni manane yaliyofanana, na kabati la kioo la kuzuia unyevu ambamo lenzi zilikaa kwa raha kuliko wagonjwa wa hospitali nyingi. Ukutani palikuwa na picha kubwa za milima, maporomoko, barabara tupu, milima tena. Inspekta alizitazama zote. Hapakuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Mwanamume huyu alikuwa amezunguka nusu ya dunia na hakukutana na binadamu aliyestahili kupigwa picha.

Mkewe aliingia na chai, mtoto akiwa kiunoni, akatafuta mahali pa kuweka sinia asipapate.

"Weka chini, shemeji, tutajihudumia," Sajini alisema.

"Chini pia hapana," mama huyo alisema. "Hapo kuna nyaya zake."

Jicho la Tai hakumsikia. Alikuwa ameshafungua kompyuta. "Maana najua mmekuja kuniuliza nilikuwa wapi. Jumamosi nilikuwa ziwani nikishughulikia mawingu. Tazameni." Kwenye skrini mawingu yalikimbia juu ya maji, vivuli vikafupika, vikarefuka, siku nzima ikapita wakati Inspekta anapiga chafya. "Asubuhi mpaka jua linazama. Mchana kutwa nilikuwa nyuma ya hiyo kamera."

"Ukifanya nini?"

"Kuisimamia."

"Lazima mtu akae hapo abonyeze?" Inspekta aliuliza, akijitia hamnazo. "Mie mambo haya yananipita kichwani. Kamera ya kisasa hivi, na bado inataka mtu wa kuishikilia kama mbuzi?"

Lilimkaa vibaya. Uso ulimbadilika kana kwamba ametukaniwa mtoto. Na mtoto wake halisi alikuwa palepale akivuta waya, hakumtazama.

"Haitaki mtu! Unaipangia tu, inajipiga yenyewe. Betri yake inadumu kutwa. Ukitaka unaweza hata kwenda kulala, unarudi jioni unai—"

Akaishia hapo. Sajini akanywa chai kwa sauti.

"Hongera," Inspekta alisema. "Ni kamera nzuri. Picha nyingine ulizopiga huko?"

Hapo alirudiwa na uhai. Aliwaonyesha picha baada ya picha, na chini ya kila moja palikuwa na maelezo aliyowaandikia wafuatiliaji wake: kamera gani, lenzi gani, kichujio gani, stendi gani, hata begi lililobeba vitu hivyo. Aliyasoma kwa sauti kama mtu anayetaja ukoo wake. Inspekta alimwacha asome. Alijua kwamba mtu wa namna hii hahojiwi; anaachiwa tu uwanja, naye atajifunga goli mwenyewe.

Ya mwisho ilikuwa ya usiku wa Jumamosi. Fundo la kamba kwenye nguzo ya gati lilionekana wazi hadi nyuzi zake, na nyuma yake taa za hoteli zilififishwa zikawa miduara mikubwa ya dhahabu.

"Hii ndiyo iliyopendwa kuliko zote," alisema. "Watu wamechanganyikiwa. Wanauliza nimefanyaje."

"Umefanyaje?"

"Ni jicho tu. Lazima uwe na jicho."

Inspekta alisoma maelezo ya chini. Kamera ilitajwa, stendi ilitajwa, begi lilitajwa pamoja na rangi yake.

"Lenzi umesahau."

"Eh? Aa. Ni ile ya kawaida." Alinyoosha kidole kuelekea kabatini bila kugeuka. "Ile mpya. Nimeisifia kwenye video ya juzi."

"Wewe usahau lenzi? Umekumbuka rangi ya begi."

"Nilikuwa nimechoka."

"Fungua taarifa za hiyo picha. Zile ambazo kamera inajiandikia."

Alisita, lakini akafungua. Picha zote za mawingu zilikuwa na jina la lenzi. Ya usiku, mahali pa jina palikuwa patupu.

Inspekta aliguna kwa masikitiko. "Sajini, kumbe hata hizi za bei mbaya zinaharibika. Angalia, imeshindwa hata kuandika jina la lenzi yake. Simu yako na spika yake afadhali."

"Si mbovu!" Jicho la Tai alifoka. "Kamera yangu haijawahi kukosea. Lenzi za zamani hazina umeme ndani, afande, haziwezi kuzungumza na kamera, unafunga na kiunganishi cha chuma tu, kwa hiyo kamera haijui ni lenzi gani, ndiyo maana inaacha—"

Safari hii hata mkewe alimgeukia.

"Kumbe ni lenzi ya zamani," Inspekta alisema. "Umeniambia sasa hivi ni mpya."

"Ninazo za zamani pia. Nyingi."

"Ikuze picha. Hapo kwenye taa."

Miduara ilijaa skrini. Kila mmoja, bila kubakiza, ulikuwa umeng'atwa pembeni kama biskuti: kijino kimoja kidogo cheusi chenye ncha iliyojikunja. Jicho la Tai alilamba midomo, akasema hicho ndicho kinachoitwa tabia ya lenzi, na kwamba watu wanaojua wanalipia tabia.

Inspekta hakuwa anamsikiliza. Alikuwa na picha yake mwenyewe nyumbani kwa mama yake, juu ya kabati la vyombo, siku aliyomaliza chuo cha polisi, kofia imemzidi kichwa. Alipokwenda kuichukua alimlalamikia Mzee Tulia kwamba taa za nyuma zimeng'atwa. Mzee alicheka, akamwambia lenzi ile ilimponyoka mkononi enzi za ujana wake, kibati cha ndani kikapinda na kujitokeza, na vipuri havipatikani tena. Akasema mji mzima una picha zenye jino hilo, na yeye halioni kama kasoro. Inspekta akatoa mkobani picha ya maharusi, akaiweka kando ya skrini. Balbu za studio na taa za ziwani zilikuwa na jino lilelile, na lile la kwenye maharusi lilikuwa na ncha ileile iliyojikunja.

"Sajini," alisema. "Kibali cha upekuzi kiko mfukoni mwako. Mpe akisome, maana anapenda maelezo."

*

Upekuzi wenyewe ungechukua siku mbili kama si mke wa mwenye nyumba.

"Mnatafuta nini, afande?"

"Lenzi moja. Ya zamani."

"Basi anzeni na maboksi." Aliwaongoza hadi chumba cha pili, akakisukuma kitanda kidogo cha mtoto kilichosimamishwa wima nyuma ya mlango. Kuanzia sakafuni hadi darini palikuwa na maboksi matupu. "Hayatupwi haya. Anasema kitu bila boksi lake hakina thamani. Mwanangu analala na mimi kwa sababu chumba chake ni cha maboksi."

"Kila kitu alichonacho kina boksi?"

"Hata kitambaa cha kufutia kioo kina boksi."

Wakabeba kila kilichokuwa kabatini, wakakilinganisha na boksi lake, huku Jicho la Tai amekaa kwenye kiti chake kinachozunguka akiwaomba kila dakika washike vitu kwa mikono miwili. Sajini aliifanya kazi hiyo kwa hamu ambayo hakuwahi kuionyesha kwenye kesi ya mtu aliyekufa. Mwishoni, chini kabisa ya kabati la kioo, kilibaki kitu kimoja kisicho na boksi. Kilikuwa kimefungwa ndani ya soksi.

"Hiyo ni soksi ya mtoto," mkewe alisema. "Nimeitafuta tangu Jumapili."

Inspekta alivaa glavu, akaifungua. Ilikuwa lenzi nzito ya shaba na kioo, imechakaa kwenye kingo kwa kushikwa. Aliielekeza dirishani akachungulia. Ndani, pembeni, kibati chembamba kilikuwa kimejikunja kikaingia kwenye mwanga.

"Mjomba alinipa," Jicho la Tai alisema. "Mwezi uliopita. Alijua mimi ndiye ninayeithamini."

"Mwezi uliopita."

"Ndiyo."

"Na Jumamosi alasiri akaja kukuazima, akapiga maharusi, akakurudishia ziwani. Kwa basi au kwa mguu?"

Jicho la Tai alimtazama mkewe, labda akitarajia msaada. Mkewe alikuwa ameikunja ile soksi na kuishikilia.

*

Mkuu wa Kituo hakufurahi. Aliuliza kama Inspekta anataka kweli kumwachia mtu aliyekutwa na damu ili amkamate mtu aliyekutwa na soksi. Alisema lenzi inaweza kuibwa na mmoja na mzee akauawa na mwingine, na kwamba mikwaruzo haijielezi. Jalada, alisema, linaondoka mchana kama lilivyopangwa, pengine na nyongeza ya wizi.

Kwa kusema kweli, hapo alikuwa na hoja, na Inspekta alichukia kwamba Mkuu amekuwa na hoja.

Alishuka kwa fundi wa kompyuta wa kituo, binti mwembamba aliyekuwa akila karanga juu ya kibodi ya serikali. Kwenye meza yake palikuwa na kadi za kumbukumbu zilizotolewa kwenye mikoba ya Jicho la Tai, kila moja ndani ya kijumba chake cha plastiki.

"Hii ndiyo yenye picha ya usiku ya ziwani, ilikuwa kwenye kamera yake ya pili, si ile ya mawingu," fundi alisema. "Kuna picha zimefutwa humo, zilipigwa kabla ya hiyo. Mbili tu. Hakuitumia kadi tena baada ya kufuta, kwa hiyo zinarudi. Nipe muda kidogo."

"Zilipigwa lini?"

"Jumamosi hiyohiyo. Kabla jua halijazama." Alipiga kibodi, akatafuna karanga. "Halafu taarifa zake hazina jina la lenzi."

Sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliyatamka polepole maneno ya mwisho ya kila video, kama anayeyasikia kwa mara ya kwanza. "Usitoke dukani kabla hujaijaribu."

Inspekta alimgeukia. "Mlete hapa. Na Mkuu pia. Mwambie Mkuu asifunge jalada."

Walipofika, picha ya kwanza ilikuwa imeshajitokeza. Hapakuwa na shaka ni wapi. Pazia la studio ya Mzee Tulia lilikuwa pale, na uzi wa balbu, na kila balbu ilikuwa mduara wa dhahabu wenye jino pembeni. Ilipigwa kutoka chini kidogo, na mtu aliyechuchumaa na kuhangaikia mwanga. Upande wa chini wa picha palikuwa na kitu cheusi kilichofifia, kisha kitu cha rangi ya ngozi. Ilihitaji kukaza macho. Kilikuwa kiganja cha mkono, kimelala sakafuni.

Fundi aliacha kutafuna.

"Ya pili," Inspekta alisema.

Ya pili ilikuwa ileile: taa zilezile, jino lilelile, ila zimeng'aa kidogo zaidi kwa sababu mpigaji alikuwa amerekebisha. Mkono haukuwa sakafuni tena. Ulikuwa umenyanyuka, vidole vimetanuka, umeelekezwa kwenye kamera.

Mkuu alivua kofia, akaitazama ndani yake.

"Alikuwa hai," Inspekta alisema.

Jicho la Tai alikuwa ameinama mbele kuelekea skrini, kama alivyoinama nyumbani kwake akisoma majina ya vifaa. "Sikumwona," alisema.

"Yuko kwenye picha yako."

"Nilikuwa naangalia taa." Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli, na hicho ndicho kilichomtia Inspekta kinyaa kuliko kama angedanganya. "Nilimwomba vizuri tu. Miaka yote nimemwomba vizuri. Akasema hanipi kwa sababu mimi sipigi picha za watu, napiga picha za kujaribia vifaa vyangu tu. Alinicheka. Nikaivuta, akaing'ang'ania, angeiangusha tena, afande, ingevunjika kabisa. Nikashika kitu kilichokuwa karibu. Halafu nikataka tu kuhakikisha haijapata hitilafu."

"Ukaijaribu."

"Mara mbili. Sikumwona."

Inspekta alimchukia. Hakuficha wala hakutafuta neno jingine. Miaka yake kazini alikuwa amekutana na wauaji wa hasira, wa wivu na wa njaa, na kila mmoja wao alikuwa angalau amemtazama mtu aliyemuua. Huyu alichuchumaa na mashine ghali kuliko nyumba ya watu, akautazama mkono wa ndugu wa mama yake ukiomba msaada, na akarekebisha mwanga.

"Mpeleke," alimwambia Sajini.

Mlangoni Jicho la Tai aligeuka. Fundi alikuwa anaiweka ile lenzi kwenye mfuko wa vielelezo.

"Samahani," alisema. "Mwambieni asiishike kwenye kioo."

Sajini alimsukuma nje, na hakutumia mikono miwili.

Mkuu aliivaa kofia yake, akalitazama jalada lililokuwa kwapani. Akasema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na ile kamera. Inspekta alimpita, akaenda mahabusu mwenyewe na ufunguo.

Kinyozi alikuwa amekaa akiegemea ukuta, chupa ya chai ya mama yake imesimama kando, haijafunguliwa. Alinyanyuka haraka akidhani gari la gereza limefika. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia mikwaruzo minne ilikuwa imeanza kukauka.

"Unatoka," Inspekta alisema. "Mama yako yuko nje."

Kijana hakuelewa upesi. Alimtazama yeye, kisha mlango. "Mmeniamini?"

"Tumeona mkono wa mzee kwenye picha. Alikuwa anaunyoosha kabla hujafika. Alikuwa anatafuta mtu. Niliyasoma maelezo yako. Umesema alikushika mpaka mwisho. Kuna kitu hawakukuuliza. Wewe ulimwambia nini?"

Kinyozi aliishika mikwaruzo yake kwa mkono wa pili, akafikiri.

"Sikujua la kusema, afande. Alikuwa anahangaika sana. Nikamwambia lile lile alilokuwa anatuambia sisi wote. Nikamwambia, tulia mzee, tulia. Akanitazama, akatulia."